Boma, Jiko, Sanaa: ladha ya Afrika inauzwa Florida, mchele wa Kasongo unangoja barabara

Kule Florida, Marekani, kuna hoteli moja kubwa ya kampuni ya Disney ambayo mtu wa Kasongo anaweza kusoma vibao vyake bila mkalimani. Jengo la kwanza linaitwa Jambo, la pili Kidani. Mgahawa mmoja ni Boma, mwingine Jiko, wa tatu Sanaa. Hoteli hiyo ilifunguliwa Aprili 2001. Jengo la Kidani na mgahawa wa Sanaa vikaongezwa mwaka 2009. Mgeni akifungua dirisha asubuhi anaona twiga na pundamilia wakitembea kwenye majani, kana kwamba amelala katikati ya pori la Afrika.

Kwa miaka mingi hoteli hiyo imekuwa na ziara fupi ya alasiri. Wageni wanakusanyika mlangoni, mfanyakazi anawatembeza Boma na Jiko, anawaeleza mapambo ya ukutani, tanuri, viungo, na nchi ambayo kila chakula kimetoka. Kisha wanaonja: kijiko hapa, kipande pale, kabla meza za jioni hazijafunguliwa. Kati ya wafanyakazi wa hoteli wamo vijana walioajiriwa kutoka nchi za kusini mwa Afrika, ili mgeni asikie habari za bara kwa sauti ya mtu aliyezaliwa huko. Boma inapika vya nchi nyingi kwa pamoja, bobotie ya Afrika Kusini karibu na fufu. Jiko inajivunia mvinyo wa Afrika Kusini. Sanaa inajulikana kwa mikate ya naan na achari zake, kwa sababu inafuata ladha za Kihindi zilizovuka bahari kuja pwani ya Afrika Mashariki.

(Mkongo akisikia "Boma" anafikiria kwanza ule mji wa Kongo Central uliokuwa makao makuu ya nchi wakati wa Leopold. Tusimlaumu mpishi wa Florida kwa hilo.)

Wengine watacheka na kuendelea na safari yao. Lakini jambo lenyewe linataka kuangaliwa vizuri, maana lugha inayopamba milango ya hoteli ile ndiyo lugha ya soko la Kasongo na ya njia ya Kabambare. Disney imeshaonyesha kwamba neno la Kiswahili ni mali: maneno "hakuna matata" iliyaandikisha Marekani kama alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na usajili ukakamilika 2003. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika walitia sahihi barua ya kupinga. Kelele zilipungua, alama ikabaki.

Hapa hoja si kwamba Disney imeiba sufuria ya mtu. Hakuna mama wa Kasongo aliyepoteza mteja kwa sababu ya Jiko. Hoja ni nini hasa kinachouzwa katika ile ziara. Mgeni hanunui wali tu, wali anao nyumbani kwake. Ananunua habari ya chakula, anasimuliwa kimetoka wapi na nani alikileta. Ananunua pia uhakika kwamba atafika salama, kwamba hatauma jiwe ndani ya wali, na kwamba kesho atakikuta tena kilekile. Ukitazama upande wa habari, Kasongo na Kabambare zina utajiri ambao Florida haina. Ukitazama upande wa ule uhakika, ndipo mambo yanakwama.

Tuanze na habari. Kasongo ni moja ya mahali ambapo jiko la pwani liliingia mbali zaidi ndani ya bara. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, ambaye wote wanamjua kama Tippu Tip, aliufanya mji huu makao yake. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ilikuja na nguo, shanga, bunduki na baruti. Ilikuja pia na mbegu. Mpunga wa pwani ulipandwa kwenye udongo wa Maniema na ukakubali. Pamoja nao yakaja miti ya matunda, miwa, na namna ya kupika iliyofuatana na watu waliojiita waungwana, wale ambao Kiswahili chao wengine bado wanakiita Kingwana.

Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Leopold lililouteka mji Aprili 1893, aliandika katika kitabu chake cha 1897 kwamba alipita na mnyama wake ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kulimaliza. Shamba moja tu. Alishangazwa pia na wingi wa matunda na vyombo vya nyumbani. Wanajeshi waliokuwa wamezoea njaa ya njiani waliingia katika mji ulioshiba.

Nazi haikufuata safari hiyo mpaka mwisho. Pwani wanapika wali kwa tui, huku chungu kinatiwa mawese au karanga. Sombe, samaki wa Lualaba, bugali wa muhogo na pilipili vilikuwa vyakula vya wenyeji, na wali ukakaribishwa karibu navyo. Ndiyo maana leo sahani ya Kasongo inaweza kuwa na wali mweupe, sombe yenye mawese na kipande cha samaki mkavu, na hakuna anayeona ajabu, ingawa vyakula hivyo vimetoka pande tofauti kabisa. Siku ya Idi inakuja pilau, na siku ya kawaida mikate ya mafuta na chai asubuhi, kabla ya shule na shamba.

Sasa ile sehemu ambayo haionjwi Florida. Shamba la saa moja na nusu lililimwa na nani? Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watumwa, watu waliokamatwa katika vijiji vya Maniema na kandokando yake. Misafara iliyoleta mbegu ndiyo iliyopeleka pembe na binadamu. Na mahali panapobeba kumbukumbu hiyo kuliko pengine pote ni soko la chakula: Nyangwe, ndani ya teritware ya Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwapo sokoni. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, wamevuka mto kwa mitumbwi na mizigo yao. Watu wenye bunduki kutoka kundi la wafanyabiashara wakafyatua risasi katikati ya soko. Wengi walikufa kwa risasi, wengi zaidi walizama walipokimbilia mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Uingereza ilitia nguvu shinikizo lililomfanya Sultani kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Na waliokuja baada ya waungwana hawakuleta uhuru wa shamba. Wabelgiji waliikuta Maniema yenye mpunga, na kuanzia 1917 sheria ya kilimo cha lazima ikawafanya wanakijiji walime kwa amri, mpunga na pamba vikiwemo, kwa bei ambayo hawakuipanga wao. Mzee anayesema hapendi kusikia habari za "kulima kwa serikali" ana sababu zake.

Kwa hiyo mtu akitaka kuanzisha ziara ya kuonja chakula kati ya Kasongo na Kabambare, hawezi kufanya kama hoteli ya Disney, kuchagua rangi nzuri na kuacha damu. Lakini hiyo si sababu ya kunyamaza. Zanzibar imeonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Watalii wanalipa kwenda kwenye mashamba ya viungo, wanavunja karafuu mkononi, wananusa mdalasini, wanaonja matunda, na mara nyingi mwisho wa safari wanakula pilau. Siku hiyohiyo wanapelekwa Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Na katika Mji Mkongwe wanaonyeshwa nyumba ya Tippu Tip, aliyekufa huko mwaka 1905. Angalia jambo hilo: habari ya mtu aliyejenga utajiri wake Kasongo inawaingizia pesa waongoza wageni wa Zanzibar. Kasongo haipati hata makuta.

Hata hivyo mali ya habari haijapotea. Pale Tongoni, mahali pa Kasongo ya zamani, wanaakiolojia Noémie Arazi na wenzake, Wakongo wakiwa kati yao, wamefanya uchimbaji na kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu wakati wa Waswahili na Waarabu. Baadhi ya matokeo yalichapishwa 2020 katika jarida la kimataifa la Antiquity. Yaani msomaji wa London anaweza kujua kilichopatikana Tongoni. Mwanafunzi wa sekondari wa Kasongo angehitaji kusoma Kiingereza na kuwa na intaneti nzuri ili apate habari ya udongo anaoukanyaga. Kuirudisha kazi hiyo kwa Kiswahili, redioni na shuleni, ni hatua isiyohitaji barabara wala ndege.

Upande wa pili ni mchele wenyewe, na hapa ndipo wamama wanaouza chakula wanaumia. Katika miji ya mashariki mchele wa Asia umejaa madepo. Umesafiri baharini, ukashuka Dar es Salaam au bandari nyingine, ukapanda lori, ukavuka mipaka, na bado unafika na gunia lake safi, kilo zake zinajulikana, punje zake nzima. Mpunga wa kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka sokoni unafika kwa baiskeli au kichwani, mara nyingine na mchanga ndani.

Huo mchanga si uvivu wa mtu. Mpunga unaanikwa chini kwa sababu turubai ni ghali. Unapigwa kwenye kinu, au unapelekwa kwa mashini ndogo ambayo inavunja punje kama mpunga haukukauka sawasawa. Mwenye kantini anayenunua mchele huo anapoteza saa nzima kuuchagua kabla ya kupika, na mteja mmoja akiuma jiwe habari inatembea mpaka kwenye parkingi ya magari. Mama anafanya hesabu yake: gunia la nje ni ghali zaidi, lakini halimwaibishi. Na kila gunia la nje analonunua, franka zake zinaondoka Kasongo, wakati jirani yake mkulima anashindwa kulipa shule ya watoto.

Tatizo hilo lina dawa zinazojulikana, na hazitoki mbali. Turubai au sakafu ya saruji ya kuanikia, moja kwa kijiji, inaondoa sehemu kubwa ya mawe. Kutokosa mpunga kabla ya kuukausha kunafanya punje iwe ngumu, isivunjike kwa mashini. Afrika Magharibi wanawake wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Chekeche nzuri kwenye mashini inamaliza kilichobaki. Chama cha wamama kumi wenye kantini wakikubaliana kununua kwa kikundi kimoja cha wakulima, kwa sharti la usafi, tayari wana kitu ambacho Boma na Jiko wanacho: wanajua chakula chao kimetoka wapi na wanaweza kumwambia mteja.

Mteja gani? Swali hilo ni la haki. Hakuna anayetegemea basi la watalii wa Marekani lishuke Kasongo mwezi ujao. Lakini wageni wako. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo waliotoka teritware nyingine, mapadri na masista wa dayosisi, wafanyabiashara wanaotoka upande wa Samba kwenye njia ya reli, wafanyakazi wa mashirika, wanajeshi, watu wa dhahabu kule Salamabila. Wote wanakula nje ya nyumba zao. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba ule wali ulio mbele yao una historia ya miaka 150. Ziara ya kuonja inaweza kuanza na hao, kwa miguu, kantini tatu na sahani tatu ndogo, na mtu mmoja anayejua kusimulia bila kupunguza.

Kabambare ni habari nyingine, na ni ngumu zaidi. Ile njia ya zamani ya misafara, inayopita Kabambare kuelekea ziwani, ingekuwa leo mshipa wa biashara: Kasongo, Kabambare, Salamabila, Lulimba, mpaka Fizi na Baraka. Badala yake msimu wa mvua unaikata vipande, lori linalala njiani siku na siku, na mahali barabara inapopitika kuna bariere. Makundi yenye silaha yamekaa katika eneo hilo miaka mingi. Hata dhahabu, ambayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko mzigo wowote, imeonja hali hiyo: kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara huko Namoya mwaka 2016, na 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kama mgodi wenye walinzi na ndege ulishindwa, mtu mwenye magunia manne ya mpunga afanye nini?

Kila bariere inatoza, na anayelipa mwishoni ni mlaji. Mkulima anapewa bei ndogo shambani kwa sababu mnunuzi ameshahesabu atakacholipishwa mbele. Familia inayokimbia wakati wa mavuno inapoteza mwaka mzima, siyo siku tatu, maana mpunga ulioiva haungoji. Na mbegu iliyoliwa njiani haitapandwa.

Vita ya Kivu imeongeza uzito. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa. Bukavu ikafuata Februari, na Desemba vita ikafika Uvira. Bidhaa nyingi za Kindu zilikuwa zinakuja kwa ndege kutoka Goma. Maniema ikakumbuka ghafla kwamba haiwezi kula kwa ndege za wengine siku zote. Katika shida hiyo mna kitu cha kufikiria: gunia la nje linapochelewa na bei yake kupanda, mchele wa hapa unapata nafasi sokoni. Mara hii nafasi imekuja wakati mkulima wa Kabambare hana usalama wa kwenda shambani, na yule wa Kasongo hana barabara ya kutolea mzigo. Programu ya serikali ya maendeleo ya teritware 145 ilianza na shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Ni vitu vya lazima, hakuna ubishi. Lakini barabara za mashambani zilikuwa pia katika ahadi, na kwa mtu wa mpunga ahadi hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Wapo watakaosema kuzungumza juu ya kuonja chakula wakati watu wanakimbia ni kuchezea njaa ya wengine. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu wa Salamabila ana haki ya kuitoa. Ila nchi nyingine hazikungoja mpaka shida zote ziishe. Senegali iliandikisha ceebu jën, wali wake wa samaki, katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, wakati uleule ambapo Kongo mbili ziliandikisha rumba. Ile sahani ya Senegali ilizoea mchele uliovunjika ulioletwa na Wafaransa kutoka Asia. Yaani hata wao walichukua punje ya mkoloni wakaifanya yao, na leo hakuna anayeuliza ilitoka wapi kabla ya kuila. Cote d'Ivoire ikafuata 2024 na atieke, muhogo uleule ambao huku unaishia kuwa bugali.

Kongo ilipopeleka rumba haikusubiri vyumba vya kurekodia vijengwe kwanza. Ilikusanya watu wanaojua, ikaandika wanachokijua, ikapeleka. Kwa chakula cha Maniema kazi hiyo haijaanza, na wanaojua wanazeeka. Kuna bibi Kasongo anayejua ni aina gani ya mpunga ilipikwa kwa ajili ya Maulidi na ni ipi iliyowekwa kwa mbegu. Kuna wazee wa Kibangubangu kule Kabambare wanaojua babu zao walikula nini kabla mpunga haujafika, na ni nini kiliachwa. Kinasa sauti cha simu kinatosha kuanza.

Siku ya Idi, katika mitaa ya Kasongo, sahani za pilau zinatoka kwenye nyumba za Waislamu kwenda kwa majirani Wakristo, zimefunikwa kitambaa, mtoto ndiye anazibeba. Noeli sahani zinarudi upande wa pili. Hakuna anayetoza na hakuna anayesimulia chochote. Mwaka huu, katika nyumba nyingi, mchele wa ndani ya sahani hizo utakuwa umetoka kwenye gunia lenye maandishi ya Asia.